Shangazi, narudi kazini usiku na mama mkwe anasema nawalisha watu makopo

Shikamoo shangazi. Najua barua unazopata ni nyingi ila nakuomba hii yangu uisome mpaka mwisho maana sina pa kusemea.

Mi ni mama wa watoto watatu, mkubwa ana miaka 11, wa kati yuko darasa la pili na mdogo ndo kaanza chekechea. Tunakaa Malamba Mawili na kazi yangu iko Kariakoo, nashika hesabu kwenye duka la jumla. Tunafunga saa kumi na mbili jioni, hapo bado sijakabidhi mauzo, sijapanga foleni ya mwendokasi, nikishuka Mbezi nachukua boda, kwahiyo kufika nyumbani ni saa mbili kasoro na mvua ikinyesha ndo usiseme. Mume wangu ni fundi umeme, kuna siku anawahi kuna siku anarudi watoto wamelala. Dada wa kazi aliondoka kwenda kwao kujifungua na kwa hali ilivyo tumeona tusitafute mwingine kwanza.

Sasa mama mkwe yuko kwetu, alikuja kwa ajili ya matibabu ya magoti. Shangazi sitaki nimseme vibaya, ni mama mwema, watoto wakitoka shule yeye ndo anawapokea na kuwasimamia. Ila yeye ni mtu wa Pangani, amezoea nazi ikunwe hapo hapo ichujwe, maharage yabandikwe tangu mchana, samaki awe wa leo. Mimi nikishuka kwenye boda napitia kwa mama mmoja hapo njia panda nachukua maharage ya kuchemsha na chapati, nyumbani nina tui la pakiti na nyanya ya kopo, nakaanga kitunguu naunga tunakula. Siku nyingine ni tambi, siku nyingine sardini na ugali. Jumapili iliyopita mawifi wamekuja kumsalimia mama yao, akasema mbele ya wote, "Nyumba hii siku hizi jiko linawashwa la kupashia tu, mwanangu analishwa makopo." Wifi mmoja akacheka. Mume wangu alikuwepo, akaendelea kuangalia mpira kimya. Nikaingia chumbani nikalia sana.

Naomba unisaidie, je ni kweli nawakosea watoto wangu? Hivi vya kwenye makopo si nasikia vina madawa ya kuhifadhia? Na kama havina shida basi nipe vyakula ambavyo naweza kuvitoa ndani ya nusu saa vikawa na ladha ya nyumbani, maana hata mimi mwenyewe kuna siku naonja nasikia kabisa ladha ya kopo. Na huyu mama nimwambieje bila kuvunja heshima?

Mama Watatu, Malamba Mawili

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa hilo la Jumapili. Kusemwa chakula chako mbele ya mawifi kunauma kuliko watu wanavyofikiria, na ulivyoandika unamtetea huyo mama hata wakati umeumia imenigusa kwakweli.

Hujawakosea watoto. Mtu anayesimama kwenye mwendokasi kuanzia Gerezani mpaka Mbezi, akaingia jikoni saa mbili usiku, akakaanga kitunguu akaunga maharage na watoto wakalala wameshiba, huyo amepika na asitokee mtu akamwambia hajapika. Halafu tuulizane ukweli, nani saivi anatwanga mahindi kwenye kinu? Sembe tunanunua imeshasagwa, bizari tunanunua imesagwa, mkate unatoka dukani, nazi sokoni tunakuniwa na mashine tunabeba, na njegere tunanunua zimeshamenywa na mama wa watu aliyekaa nazo tangu asubuhi. Hakuna jiko la mjini ambalo halinunui jasho la mtu mwingine. Kwahiyo kununua sio tatizo, cha kuangalia ni nini unanunua na nini unabaki nacho mwenyewe.

Mimi nakushauri hivi, nunua kazi usinunue ladha. Kazi ni kuchemsha maharage, kukuna nazi, kumenya njegere, kusaga nyama, kukanda na kusukuma chapati, hizo ndo zinazokula masaa na mtu mwingine akikufanyia hakuna anayepungukiwa. Ladha ni kitunguu kukaangwa vizuri, kitunguu saumu, tangawizi, limau, pilipili, na chumvi yako unayoijua. Hiyo ladha ibaki mikononi mwako, na habari njema ni kwamba haichukui zaidi ya robo saa.

Sasa tuje kwenye hiyo ladha ya kopo unayoisikia, maana nadhani mama mkwe naye anachosikia ni hicho hicho ila kakisema kwa ukali. Mara nyingi inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni nyanya ya kopo, ile nzito. Watu wengi wanaikoroga kwenye maji au wanaitupia kwenye mboga ikiwa inachemka, ikitupwa hivyo inabaki na uchachu na kile kiharufu cha bati mpaka mezani. Nyanya ya kopo inatakiwa ikutane na mafuta kwanza. Kitunguu chako kikishakuwa cha rangi ya dhahabu tia saumu na tangawizi, zikinukia tu tia nyanya kijiko kimoja kikubwa cha kulia, punguza moto, ikandamize na mwiko huku unaigeuza dakika mbili tatu mpaka uone ile nyekundu ya kung'aa imekuwa nyekundu iliyokolea kama tofali na mafuta yanaanza kujitenga pembeni. Hapo ndo utie maji au mboga. Ukipata nyanya mbichi moja ya kukata ukachanganya humo ndo inakaa vizuri zaidi, hutajua ipi ni ipi.

Ya pili ni tui. Tui la pakiti au la kopo watu wanalimimina lote kwa mkupuo halafu wanaliacha lichemke kwa nguvu, linakatika, mafuta huku maji kule, na harufu inageuka. Muulize mama mkwe kwao Pangani wanafanyaje, atakwambia kuna tui jepesi na kuna tui zito, jepesi ndo linalochemka na chakula, zito linaingia mwishoni na linakorogwa halifunikwi. Basi na la kopo lifanyie vile vile. Kopo la mililita 400 ligawe, nusu ichanganye na maji kikombe kimoja au kimoja na nusu, hiyo ndo tui lako la pili, pikia nayo maharage mpaka yaive na viungo. Ile nusu iliyobaki mimina mwishoni, moto mdogo kabisa, koroga taratibu lichemke kidogo tu epua. Ukiwa unanunua geuza pakiti usome, chukua lenye nazi asilimia kubwa zaidi maana mengine ni maji mengi na vitu vya kulifanya zito. Na kama hapo Mbezi unapita sokoni na wakuna nazi bado wapo, nazi ya kukunwa ni nzuri zaidi, ila ikamue usiku huo huo maana inachacha upesi sana kwa joto letu.

Kuhusu hayo madawa, nikutoe wasiwasi. Kopo la samaki au la maharage halikai muda mrefu kwasababu ya dawa, linakaa kwasababu limefungwa hewa isiingie halafu likapikwa kwa joto kali likiwa limefungwa hivyo hivyo, wadudu wa kuozesha wakafa. Vingine vina viungo vya kuhifadhia na vimeandikwa pale nyuma, soma. Ambacho mimi kinanipa mashaka zaidi ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ni kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa, na hiyo ni jumla ya kila kitu ulichokula kuanzia asubuhi, watoto inatakiwa iwe chini ya hapo. Sasa ukiweka sardini zenye chumvi, ukatia na kile kiungo cha mchuzi cha kipande, halafu na mkono ukaenda kwenye kopo la chumvi kwa mazoea, umeshapita mbali. Maharage ya kopo yamwage maji yake uyasuuze, chumvi inapungua sana. Na hizi tambi za dakika mbili zenye kipakti chake cha viungo, watoto wanazipenda najua, zisiwe chakula cha kila siku, na ukizipika tia nusu ya hicho kipakti, vunjia yai na tupia karoti na mchicha.

Maharage ya njia panda endelea nayo, ila mama huyo jenga naye urafiki. Muulize anatia magadi? Magadi yanalainisha haraka lakini yanaharibu baadhi ya vitamini na yanaacha utelezi na ladha ya sabuni, wengi ukiwaambia mimi yangu usitie wanakubali maana wanakuwekea pembeni. Muulize amechemsha saa ngapi. Ukifika nyumbani kitu cha kwanza, hata kabla hujavua viatu, mimina maharage na supu yake kwenye sufuria yabandike yachemke kabisa yatokote dakika kumi hivi, usiyapashe juu juu, yamekaa barabarani muda mrefu. Wakati yanatokota ndo unakata kitunguu. Na beba kontena lako la kufunika, lile la plastiki gumu au kihotpoti, usiwekewe maharage ya moto kwenye nailoni nyembamba. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 lakini vile vilaini vya kufungia chakula bado unaviona kila kona, na kitu cha moto hakifai humo.

Ukipata nafasi ya kuchemsha mwenyewe wikiendi ndo itakuwa nafuu zaidi. Loweka usiku wa Ijumaa, asubuhi mwaga yale maji, kama una jiko la presha ni nusu saa hivi yameiva badala ya masaa mawili, na kwa mtungi wa gesi wa kilo 6 hayo masaa mawili utayaona kwenye pesa. Kilo moja ya maharage makavu ikichemka inatoa zaidi ya kilo mbili, gawa kwenye makontena ya mlo mmoja mmoja, ya siku tatu za kwanza weka friji na yaliyobaki friza. Maharage mekundu usije ukayaacha nusu mabichi, yana sumu ya asili inayoumiza tumbo vibaya na inakufa kwa kuchemka kweli kweli, sio kwa moto mdogo wa vuguvugu.

Haya sasa vyakula vyenyewe. Sikupi ratiba ya Jumatatu mpaka Jumapili kwasababu unajua mwenyewe siku gani unafika umechoka zaidi, nakupa ambavyo mimi nimeviona vinafanya kazi kwenye nyumba zenye watoto.

Sardini na ugali naona unafanya, ila jaribu hivi. Sardini za kwenye nyanya usizikaange mpaka zivurugike. Kaanga kitunguu, pilipili hoho, nyanya moja mbichi, pilipili kichaa nzima usiipasue inukie tu, mimina ule mchuzi wa kwenye kopo kwanza uive na mafuta, halafu tui zito nusu kikombe, mwisho kabisa panga samaki wazima juu, funika dakika tatu, kamulia limau epua. Chumvi usitie mpaka umeonja. Mifupa yake ni laini waache watoto wale, ina madini ya kujenga mifupa yao. Hiki ukimpelekea mtu wa Pangani na ugali wa moto, na pembeni bakuli la kachumbari, atakula, sidhani kama ataulizia kopo.

Zege la nyumbani. Hapo kwenu lazima kuna kibanda cha chipsi, chukua chipsi kavu tu usichukue na mayai. Nyumbani pasua mayai matano sita, katia kitunguu, hoho, karoti uliyoikwangua na majani ya giligilani, mimina juu ya chipsi kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, geuza kwa sahani. Kabichi ikatwe nyembamba na limau. Kwa hela ya chipsi mayai ya watu wawili mmekula wote, na mayai ni mengi kuliko yule kijana angewawekea. Ila hiki kiwe mara moja kwa wiki, mafuta ya kibandani yanarudiwa rudiwa sana.

Wali wa njegere na nyama ya kusaga, huu naupenda kwa siku ya mgeni wa ghafla. Nyama ya kusaga nunua buchani isagwe unaona, na kama unanunua Jumamosi gawa mafungu ugandishe. Vitunguu vya kukaanga vilivyokauka siku hizi vinauzwa kwenye pakiti, vile vya biriani, weka pakiti moja kabatini ni mkombozi. Mafuta, nyama, saumu na tangawizi, bizari ya pilau kijiko, vitunguu vya pakiti konzi moja, njegere, mchele ulioosha, maji ya moto kutoka kwenye birika ili usisubiri, funika. Ukiwa na jiko la umeme la wali hamishia humo ubonyeze ukaoge. Ukitoka kuoga kimeiva.

Tambi na mchuzi, hapo sina maneno mengi, pakiti ya gramu 500 inatosha watu sita, siri ni kubakiza kikombe cha maji uliyochemshia tambi ukamimina kwenye mchuzi wa nyanya, unashika tambi vizuri haukimbii chini ya sahani. Na chapati zikilala usizitupe, Uganda wanazikatakata wanachanganya na maharage ya mchuzi wanaita kikomando, mkubwa wako wa miaka 11 anaweza kukitengeneza mwenyewe akirudi shule ana njaa.

Mboga za majani nunua zilizochambuliwa lakini zisizokatwa kama utazipata, zioshe nzima halafu ndo ukate, zikishakatwa sokoni zimekaa na vumbi kutwa. Kisamvu kilichotwangwa ni msaada mkubwa sana, ila naomba unisikilize, kutwangwa peke yake hakutoshi, majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwanga na kuchemshwa sana, kwahiyo kisamvu ni cha wikiendi, chemsha bila kufunika mpaka kiive kabisa, gawa ugandishe, katikati ya wiki unaunga tu na nazi au karanga. Na karanga za kusagwa usichukue za kwenye ndoo iliyokaa wazi hujui za lini. Chagua nzima, zisizo na ukungu wala zilizosinyaa, zisagwe mbele yako. Sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, haitoki kwa kupika, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi yaliyokuwa nayo, sio kitu cha kuchukulia wepesi.

Kopo lililovimba tupa hata kama tarehe bado, usionje. Lililobonyea kwenye maungio liache dukani. Kopo ukishalifungua kilichobaki hamishia kwenye bakuli la kufunika weka friji. Wali uliobaki usilale mezani mpaka asubuhi, ukipoa ndani ya saa moja mbili uingie friji, kesho ukipasha upashe mpaka utoe mvuke katikati. Umeme ukikatika usifungue fungue mlango, friza iliyojaa inashikilia ubaridi mpaka siku mbili ikiwa imefungwa, friji ya kawaida ni masaa manne tu.

Sasa mama mkwe. Mwanangu, mimi nahisi pale haongelei makopo tu. Huyu ni mama aliyetoka kwake Pangani alikokuwa na jiko lake, saivi yuko Malamba Mawili magoti yanauma, anakaa kutwa anawasubiri, na kitu anachokijua kuliko mtu yeyote kwenye hiyo nyumba hakuna anayekihitaji. Anaona kijana wake anakula chakula ambacho yeye hakushika hata mwiko. Hilo halihalalishi kukusema mbele ya mawifi, alikosea na itabidi asikie hivyo, lakini ukiliangalia kwa upande huo utajua pa kuanzia.

Mfuate siku mkiwa wawili, umetulia, usingoje mpaka uwe na hasira. Mwambie, "Mama, yale maneno ya siku ile yaliniumiza, si kwa sababu hupaswi kunielekeza, nataka unielekeze, ila niite pembeni kama mwanao. Mimi nafika saa mbili, nikianza kukuna nazi watoto watalala njaa. Naomba unifundishe mchuzi wako wa nazi, niufanye kwa hivi vitu nilivyo navyo." Useme hivyo hivyo kwa upole halafu unyamaze umwache ajibu. Akikubali mpe kazi ya kukaa, sio ya kusimama, magoti yale. Maharage kuchambuliwa na kulowekwa, saumu kumenywa, kuonja chumvi kabla hujaepua. Jumamosi akae kwenye kigoda au kiti akuelekeze, na mkubwa wako awe pale pale ajifunze, maana huo utaalamu wa nyumba yenu uko kwenye kichwa cha huyo mama na usipouchukua sasa utauchukua lini. Ila usimgeuze dada wa kazi, amekuja kutibiwa.

Na mumeo. Hapa ndo nina neno zito. Mama aliyeongea ni mama yake, jibu lilitakiwa litoke kwake, tena lilikuwa jepesi tu, "Mama, mke wangu anatoka kazini usiku, na mimi chakula chake nakipenda." Maneno kama hayo yakisemwa na mtoto wa kiume mbele ya dada zake mjadala unaisha hapo hapo na wewe heshima yako inakaa, yakisemwa na wewe yanaitwa jeuri. Mwambie usiku mkiwa peke yenu, bila kumtukania mama yake, kwamba ukimya wake ndo uliokuliza kuliko yale maneno. Akiwahi kurudi basi ugali asonge yeye, mwiko sio mzito kuliko nyaya anazovuta, na watoto wa kiume wa nyumba hiyo wamuone akisonga. Siku ambazo anajua atawahi akupigie simu mchana, yeye ndo apitie maharage na chapati njia panda, awe ameshayabandika, wewe ukishuka kwenye boda unakuta yanatokota unakuja kuunga tu.

Jaribu mchuzi wa sardini kwanza, ule wa tui zito mwishoni, na umpakulie mama mkwe wa kwanza. Halafu niandikie amesemaje.

Shangazi yako